Mistari Mitatu Niliyoongeza

"Mhoja, wamekataa."

Nilikuwa ofisini, simu nimeibana kwa bega, mikono iko kwenye kompyuta. Sauti ya Selina ilikuwa ya mtu aliyekwisha kulia akamaliza.

"Wamekataa nini?"

"Ule msamaha. Wanasema hawawezi kuniondolea mtihani wa Kiingereza. Niufanye, niwapelekee matokeo kabla ya tarehe thelathini. La sivyo nafasi yangu na ufadhili anapewa mwingine."

"Si uufanye tu?"

"Nimepiga Dar sasa hivi. Nafasi ya karibu ni katikati ya mwezi ujao. Mhoja, imeisha."

Nikanyamaza. Wewe unayesoma utasema nilinyamaza kwa huzuni. Ngoja kwanza.

"Lakini shule si iliwajibu?" akauliza. "Waliandika kuuliza tulifundishwa kwa lugha gani. Mliwajibu?"

"Tuliwajibu. Nilituma mwenyewe."

"Mkuu aliandika nini?"

"Mkuu aliandika vizuri sana, Selina."

Na hapo sikudanganya. Mkuu aliandika vizuri. Aliyeharibu ni mimi, mpenzi wake, niliyekuwa namwambia "pole mama, Mungu atafungua mlango mwingine" huku ule wa kwanza nimeufunga kwa mikono yangu.

Mimi ni karani wa sekondari moja huku Kisesa. Jina la shule nalihifadhi, maana shule haina kosa. Selina alisoma hapa kidato cha kwanza mpaka cha sita. Tulijuana alipokuja kuchukua cheti chake akanikuta nakula muhogo juu ya faili lake. Alinisema mbele ya watu huku akicheka, nikampenda palepale. Miaka miwili ikapita tukiwa pamoja, yeye akisaidia kuuza kwenye duka la dawa Buzuruga, mama yake akianika dagaa Igombe. Mwaka huu akaomba chuo kimoja cha Kanada kusomea sayansi ya chakula, wakampokea na kumpa ufadhili wa kila kitu. Likabaki sharti moja la Kiingereza. Ama afanye mtihani wa kimataifa, ama shule yake ithibitishe kwamba alifundishwa kwa Kiingereza, asamehewe mtihani. Na jibu la shule hawakutaka lipitie kwa mwombaji. Litoke kwenye imeli ya shule moja kwa moja.

Imeli ya shule naifungua mimi peke yangu. Mkuu wetu, Mwalimu Mashimba, ni mtu wa kalamu. Imeli ikija naitoa kwenye karatasi nampelekea, anaandika jibu kwa mkono, nalichapa, anatia sahihi, napiga muhuri, naiskani, natuma. Kwa miaka sita hajawahi kusoma nilichochapa. "Mhoja ni mkono wangu wa kulia," huwaambia wageni.

Siku ile ya jibu la Selina, nikiwa na karatasi ya Mkuu mbele yangu, baba mdogo akapiga simu kutoka Magu.

"Mhoja, ng'ombe tumeshawatenga. Mshenga tumtume lini?"

"Shikamoo baba mdogo. Ngoja kidogo. Selina anaweza kusafiri."

"Marahaba. Kusafiri wapi?"

"Kanada. Miaka minne."

Alicheka mpaka akakohoa. "Miaka minne! Kijana, zizi linafungwa ng'ombe wakiwa ndani. Ukifunga wameshatoka, unafungia samadi."

Akakata simu. Mimi nikabaki natazama mwandiko wa Mkuu: masomo yote isipokuwa Kiswahili yanafundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza. Basi. Sentensi moja safi.

Nikaichapa. Halafu chini yake nikaongeza mistari mitatu. Wa kwanza, kwamba kwa hali halisi walimu wengi hueleza kwa Kiswahili. Wa pili, kwamba darasani wanafunzi huulizana na kujibizana kwa Kiswahili. Wa tatu, kwamba kwa sababu hiyo wanafunzi wetu, akiwemo mwombaji huyu, wanaweza kupata shida kubwa kufuata masomo ya chuo.

Miwili ya kwanza ni kweli tupu, muulize mwalimu yeyote. Wa tatu niliutunga. Kiingereza cha Selina kinanizidi mbali. Barua ile yenyewe angeiona angeisahihisha.

Mkuu akatia sahihi huku akiniuliza habari za tangi la maji linalovuja. Nikapiga muhuri. Nikatuma. Nikajiambia, sijamzuia mtu, nimesema ukweli tu.

*

Jumamosi nikaenda Igombe kumpa pole. Nilimkuta mama yake, Mama Selina, anageuza dagaa kwenye mchanga na reki. Aliponiona akaiacha reki, akanishika mikono yote miwili.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, ng'wanawane, mwanangu. Karibu. Selina kaniambia ulivyohangaika na barua zake. Nimesema kanisani wakuombee kwa jina."

"Mama, mimi sijafanya kitu."

"Usiseme hivyo. Wenye mioyo kama yako siku hizi wako wapi? Mwingine angefurahi msichana akwame, abaki naye hapa."

Niliinama kama nafunga kamba za viatu. Nilikuwa nimevaa ndala.

"Selina yuko wapi?"

"Ndani. Tangu juzi anasoma kwa sauti peke yake. Kamwambie ale."

Nilimkuta kwenye kitanda, ameshika karatasi ya dawa, ile inayokunjwa ndani ya boksi. Anasoma Kiingereza polepole, anarudia neno moja mara tatu.

"Unafanya nini?"

"Nasikiliza ninavyoongea." Hakunitazama. "Labda ni kweli, Mhoja. Labda kuna kitu walikiona kwenye maombi yangu. Miaka yote nilidhani najua. Wateja wananiletea dawa niwasomee, nawasomea, wanaondoka wameridhika. Kumbe wote tulikuwa hatujui, nami naongoza."

"Unajua, Selina. Unajua sana."

"Wewe unanipenda, utasema nini kingine?"

Maneno yale yaliniingia vibaya. Nilitaka abaki, nakiri. Sikutaka ajione mjinga. Lakini ndivyo nilivyokuwa nimeandika, kwa sahihi ya Mkuu na muhuri wa shule, na sasa alikuwa anayaamini bila hata kuyaona.

"Mhoja."

"Naam."

"Mbona unatoka jasho?"

"Bati hili. Joto."

Hapo ndipo ningesema. Mdomo niliufungua kabisa. Mama yake akaingia na sahani ya ugali na dagaa wa nazi, akaiweka mbele yangu akisema, "Mgeni kwanza," nikaufunga mdomo, nikala. Ndiyo, nilikula. Mwizi naye huwa na njaa.

*

Jumatatu nikafanya nilichodhani ni kutengeneza. Niliandikia chuo kwa imeli ya shule, nikaomba kwa heshima zote kama kuna njia nyingine ya kumpima mwombaji bila mtihani. Kesho yake asubuhi jibu lilikuwepo, kutoka kwa mama mmoja wa ofisi ya udahili anayeitwa Winnie. Alisema wanaweza kuzungumza naye kwa video nusu saa. Akiwaridhisha, wanamsamehe mtihani. Iwe Alhamisi, saa kumi jioni kwa saa zetu.

Nikampigia Selina. Alipiga kelele mpaka nikasikia mteja dukani anauliza kuna nini.

"Umefanyaje, Mhoja?"

"Nimeomba tu."

"Sikia. Nikienda, nikirudi, hata kama nimezeeka, ni wewe. Umesikia? Ni wewe."

"Nimesikia."

"Mbona huonyeshi furaha?"

"Nimefurahi, Selina."

Na nilikuwa nimefurahi kweli. Hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo. Nilijiona nimelipa. Nilijiambia ataongea, atapita, barua ile itazikwa kwenye kompyuta za Kanada na hakuna atakayeifukua.

Alhamisi akaja shuleni na gauni lake la bluu la kanisani. Mtandao wa uhakika ulikuwa ofisini kwangu, kwa hiyo nilimkalisha kwenye kiti changu, nikamrekebishia kamera, nami nikakaa pembeni nisionekane, niangalie umeme na bando. Saa kumi kamili uso wa Winnie ukatokea, mama wa makamo mwenye miwani, anatabasamu.

Waliongea Kiingereza. Mimi nawasimulia kwa Kiswahili.

Walianza na salamu, hali ya hewa, familia. Selina alikuwa anatetemeka goti moja tu, chini ya meza, ambako Winnie haoni. Kisha Winnie akashika karatasi.

"Selina, nataka niwe muwazi. Tulikukatalia kwa sababu ya barua ya shule yako. Nitakusomea, halafu unieleze."

Nilisimama. Sijui nilitaka kufanya nini. Kuchomoa waya? Mkono wangu ulikuwa umeshafika kwenye soketi, wallahi, na kama ningeuchomoa ningesema umeme umekatika na Mwanza nzima ingeniamini. Selina akanitazama, akanionyesha kwa kiganja, kaa, unanichanganya. Nikakaa.

Winnie akasoma. Sentensi ya Mkuu. Mstari wangu wa kwanza. Wa pili. Wa tatu akausoma polepole: "Wanafunzi wetu, akiwemo mwombaji huyu, wanaweza kupata shida kubwa."

Goti la Selina likatulia. Aligeuza shingo kidogo sana, akanitazama. Hakuuliza kitu. Aliuona uso wangu, na uso wangu ulikuwa hauna pa kujificha. Kisha akairudia kamera.

"Ni kweli," akasema.

"Ni kweli?" Winnie akashangaa.

"Kuhusu walimu, ni kweli. Mwalimu wa fizikia alikuwa anaanza kwa Kiingereza. Akiona macho yetu yamepotea anarudi Kiswahili, ili tuelewe. Ukikutwa unaongea Kiswahili nje ya darasa unavalishwa kibao cha mbao shingoni, unakaa nacho mpaka ukamate mwenzako. Kidato cha kwanza nilikivaa karibu kila wiki. Aliyenivalisha ni mwalimu yuleyule aliyetufundisha kwa Kiswahili."

Winnie akacheka, akajizuia, akaomba radhi.

"Cheka tu, nasi tulikuwa tunacheka. Nilichoka na kile kibao. Nikaanza kusoma kila kitu chenye Kiingereza, magazeti ya kufungia maandazi, maboksi, karatasi za dawa. Leo nafanya kazi duka la dawa. Mama anakuja na dawa ya mtoto, maelezo yote ni Kiingereza. Nikikosea kumweleza, mtoto anaumia. Kwa hiyo aliyeandika hiyo barua, kuhusu shule amesema kweli. Kuhusu mimi, naomba unipime wewe mwenyewe. Yeye asikupimie."

Neno "yeye" alilisema bila kunitazama.

Winnie akaiweka ile karatasi kando. Akamuuliza kwa nini sayansi ya chakula. Selina akamweleza dagaa. Jinsi masika yanavyokuja na mama yake anabaki na mzigo uliooza kwenye mchanga, jinsi wengine wanavyoanika kwenye chanja zilizoinuliwa na bado wanapata ukungu, maswali aliyonayo kuhusu chumvi, unyevu na mifuko. Winnie akauliza, akajibiwa, akauliza tena. Nusu saa ikawa dakika hamsini.

"Selina," Winnie akasema mwishoni, "mimi sina haja na mtihani wowote. Utapata barua kesho."

"Asante sana, mama."

Skrini ikazimika. Nje, watoto wa zamu walikuwa wanafagia uwanja.

"Ni Mkuu aliyeandika yale?" Selina akauliza. Kwa Kiswahili sasa, na sauti ya chini.

Hapo, msomaji, nilikuwa na njia ya kutokea. Sahihi ni ya Mkuu. Mzee mwenyewe yuko nyumbani anachunga mbuzi. Ningesema ndiyo, angeniamini, kwa sababu alikuwa anaomba aniamini. Nilimwona anavyoomba.

"Ni mimi."

Akakaa.

"Mkuu aliandika mstari mmoja," nikasema. "Mzuri. Mitatu ya chini ni yangu."

"Akiwemo mwombaji huyu."

"Selina..."

"Mwombaji huyu, Mhoja. Hata jina langu hukuandika."

"Niliogopa. Ng'ombe wametengwa, baba mdogo ananisukuma, wewe unaondoka miaka minne. Nilitaka ubaki."

"Sasa kwa nini hukuniambia nibaki?"

"Ungebaki?"

"Nisingebaki!" Hapo ndipo machozi yalipomtoka. "Nisingebaki, lakini ningejua. Ningekuomba unisubiri, nikajua namwomba mtu gani. Wewe ulikaa kwetu ukala chakula cha mama yangu. Uliniona nasoma makaratasi ya dawa kama chizi, ukaniambia joto la bati."

"Nisamehe."

"Usiniombe msamaha leo, sina." Akafuta uso kwa kiganja, akachukua mkoba. "Kamwambie Mkuu. Halafu nenda Igombe. Mama anakuombea kila Jumapili kwa jina. Kamwambie anamwombea nani."

*

Kwa Mkuu nilienda jioni ileile. Alinisikiliza akiwa amesimama na kamba ya mbuzi mkononi.

"Rudia," akasema.

Nikarudia.

"Yaani ulichukua sahihi yangu, ukamzibia njia mtoto niliyemfundisha mimi."

"Ndiyo, Mkuu."

"Nikufukuze?"

"Ukiona inafaa, Mkuu."

"Nikikufukuza utaenda kuwaambia watu nimekuonea. Kesho utachapa barua nyingine. Utawaeleza wale wa chuo kwamba mistari ile haikuwa ya shule, na utaandika ni ya nani. Jina lako lote, la babu limo." Akavuta kamba, kisha akageuka. "Na kuanzia kesho nasoma kila unachochapa. Mbele yako. Kwa sauti."

Amefanya hivyo mpaka leo. Hata tangazo la mchango wa mahindi analisoma mstari kwa mstari na kidole, wazazi wamekaa kwenye benchi wanasikiliza, mimi nimesimama. Baadhi wanajua sababu. Kisesa ni ndogo.

Igombe nilienda Jumapili baada ya ibada. Mama Selina alikuwa ameshaambiwa barua imekuja, binti anakwenda. Sababu alikuwa hajaambiwa. Selina aliniachia mimi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona umesimama? Kaa."

"Nitasema nikiwa nimesimama."

Nikasema yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, mikono mapajani. Nilitegemea anitukane, anifukuze, aite majirani. Nilikuwa nimejiandaa kwa hayo.

"Mimi nilikuwa sitaki aende," akasema.

Nikamtazama.

"Huyu ndiye mtoto wangu wa pekee. Baba yake ziwa lilimchukua akiwa bado ananyonya. Unadhani nilitaka apande ndege? Nilimwambia, Selina, usiende, nitakufa peke yangu huku. Nikagaragara hapo kwenye mkeka mtu mzima mimi. Akalia, nikalia. Kesho yake asubuhi nikamfulia nguo za safari." Akajifuta pua na kanga. "Nililia mbele yake, Mhoja. Wewe ulikwenda kulilia ofisini."

Niliomba radhi, akasema amesikia, akaniambia niende tu nyumbani, leo hawezi kunitazama zaidi. Nikatembea mpaka barabarani nikilia wazi, watu wananipisha.

*

Wiki sita Selina hakupokea simu yangu. Nilimtumia ujumbe mmoja tu: "Nimewaambia wote wawili. Mhoja." Alama zikaonyesha ameusoma. Baba mdogo nilimwambia awarudishe ng'ombe machungani, akaniita mpumbavu, na sikubishana naye.

Siku ya safari nilijua kwa watu wa kanisani. Nikaenda uwanja wa ndege bila kualikwa. Walikuwa wengi, wamevaa sare za kwaya, wanaimba nje ya mlango wa abiria. Selina aliniona kwa mbali. Mama yake naye aliniona. Akamnong'oneza binti yake kitu, akampokea mkoba, akasogea pembeni.

Selina akaja mpaka mbele yangu.

"Umekuja kuniaga?"

"Hapana. Selina, sitaki uende."

Kwaya ilikuwa imefika kituo. Waliokuwa karibu walisikia wote, kuna mama mmoja akaguna.

"Sema tena."

"Sitaki uende. Miaka minne ni mingi. Naogopa utanisahau, na ukinisahau nitakuwa nimestahili. Naumia kila nikiiona ile kompyuta. Najua unakwenda na unapaswa kwenda, mkoba wako nitakubebea mpaka pale mlangoni. Lakini sitaki. Nilitakiwa kukuambia siku ulipopata ile nafasi."

Machozi yalikuwa yanamtoka, na alikuwa anacheka kidogo pia, kile kicheko cha siku ile ya muhogo.

"Miezi yote hii ulikuwa unaweza kusema hivyo?"

"Nilikuwa naogopa utanicheka."

"Ningelia. Halafu ningeenda."

"Najua."

Mtangazaji akaita abiria wa Dar es Salaam. Selina akamkumbatia mama yake kwa muda mrefu, akawashika mikono wanakwaya mmoja mmoja. Kwangu akafika mwisho.

"Sikuombi unisubiri, Mhoja. Ombi hilo nilikuwa nalo, ukaliharibu mwenyewe."

"Sawa."

"Lakini nikifika nitapiga simu. Nitakuuliza unajisikiaje, na utaniambia ukweli. Siku utakayoniambia 'niko salama' na sauti yako iko kama siku ile ya joto la bati, nakata, na sipigi tena."

"Sawa."

"Sasa hivi unajisikiaje?"

"Vibaya sana, Selina."

Akatikisa kichwa kukubali. Akauchukua mkoba wake mwenyewe, akaingia.